Wakulima wa kaunti ninayoishi huku Iowa walilipwa hela za korona, mpaka leo sijaelewa walilipwa kwa ajili ya nini

#1 Kibarua wa Iowa
Wakuu habari za humu. Nipo Sioux County, kaskazini magharibi ya Iowa, Marekani, mwaka wa saba huu. Kazi yangu naosha matrela ya kubebea nguruwe, mtakaocheka chekeni sasa hivi tumalizane.

Sasa juzi kwenye mapumziko jamaa mmoja tunayefanya naye kazi akanionyesha kitu kwenye simu. Kumbe majina ya wakulima waliolipwa ruzuku na Wizara ya Kilimo yapo wazi mtandaoni, kuna taasisi inaitwa EWG inaomba takwimu serikalini na kuziweka, unachagua jimbo, unachagua kaunti, unakuta jina na kiasi. Programu ya korona iliitwa CFAP. Nikaanza kushuka na kidole, huyu namwoshea trela, huyu naye namwoshea, huyu mke wake ndiye aliyeniuzia friji. Nikafika kwa mzee mmoja ambaye kila akija analalamika bei ya kuosha imepanda, pikapu yake mlango wa abiria umefungwa na kamba ya kufungia majani ya ng'ombe, ukitaka kuingia unapitia upande wa dereva. Karibu dola robo milioni!!

Mimi mwaka huohuo nilipata ile cheki ya 1,200 nikajiona tajiri.

Swali langu, hii ilikuwa fidia ya hasara, mkopo, zawadi, au rushwa ya uchaguzi? Maana mimi sikuona aliyefilisika hapa.

#2 Ngosha Mstaafu
Nimekaa pale na karanga zangu.

#3 Mama Njugu
Ati robo milioni? Hiyo kwa reti ya leo ni zaidi ya milioni 30 za Kenya bana. Na bado mlango umefungwa na kamba. Matajiri ni watu wa ajabu sana. Mtoa mada hiyo ni siasa, 2020 ilikuwa mwaka wa kura, utatafuta sababu gani ingine?

#4 Dereva wa Nafaka
Mimi ni Mkenya niko Minnesota, nabeba mahindi na soya, na hiyo kaunti yako naijua, kuna siku upepo ukigeuka lazima ufunge vioo vya lori. Wacha niwaeleze maana nilikuwa barabarani mwaka huo wote.

Kwanza si mkopo. Mkopo wa korona ulikuwa ule wa PPP wa biashara ndogo na wenyewe wengi walisamehewa. CFAP ilitangazwa tarehe 17 Aprili 2020, dola bilioni 19, kati ya hizo bilioni 16 ziende mkononi kwa wakulima na bilioni 3 za kununua chakula cha kugawa, yale maboksi ya maziwa na mboga yaliyokuwa yanagawiwa makanisani. Septemba ikaja CFAP 2, mpaka bilioni 14 zingine.

Pili, kusema hakuna aliyepata hasara si kweli. Aprili ile watu waliacha kuendesha magari, na mahindi mengi sana ya huku yanaenda kutengeneza ethanoli ya kuchanganya na petroli. Viwanda vya ethanoli vikafunga. Nilifika ghala la ushirika na mzigo nikaambiwa rudi nao. Wisconsin watu walimwaga maziwa shambani kwa sababu shule na mahoteli zimefungwa. Halafu kiwanda cha nyama cha Smithfield pale Sioux Falls, jimbo jirani la South Dakota, kikafungwa katikati ya Aprili baada ya wafanyakazi wengi kuugua, hicho peke yake kilikuwa kinachinja asilimia 4 hadi 5 ya nyama ya nguruwe ya nchi nzima. Na nguruwe si mahindi useme nitamweka ghalani mpaka bei ipande. Akifika kilo 127 hivi ni lazima atoke, nyuma yake kuna wadogo wanaongoja hilo banda. Kuna watu waliua nguruwe wao wenyewe wakafukia. Mimi nimeona hayo makaburi, usiniambie hakukuwa na hasara.

#5 Kibarua wa Iowa
Dereva asante, hiyo ya nguruwe kufukiwa naikumbuka, kazini tulikaa wiki mbili matrela hayaji. Ila mzee wangu wa kamba hakufukia kitu. Yeye ni wa ng'ombe, na aliwauza.

#6 Hesabu Kali
Habari wakuu. Tatizo lenu mnajadili hela bila kuangalia fomula. Mimi ni mhasibu, nipo Dallas, nimewahi kuwajazia watu hizi fomu.

CFAP 1 kwa ng'ombe ilikuwa hivi. Ng'ombe aliyenona wa kuchinjwa, aliyeuzwa kati ya tarehe 15 Januari na 15 Aprili 2020, unalipwa dola 214 kwa kichwa. Ambao hujauza, ulionao kati ya 16 Aprili na 14 Mei, dola 33 kwa kichwa. Sasa chukua mtu aliyeuza 1,000 kwenye ile miezi mitatu na akabaki na wengine 1,000 bandani. 214,000 jumlisha 33,000 ni 247,000. Na kikomo cha mtu mmoja kilikuwa 250,000. Mzee wako wa kamba huyo hapo, nimemjua bila kumuona.

Hakuna mtu aliyemuuliza ulipoteza kiasi gani. Walimuuliza una vichwa vingapi.

#7 Ngosha Mstaafu
Yaani mzee ana ng'ombe 2,000 na pikapu imefungwa kamba? Huyo siyo Mzungu, huyo ni Msukuma mwenzangu. Muulize vizuri, utakuta asili yake ni Bariadi 😂

#8 Kibarua wa Iowa
Ngosha umeniua. Na kofia anavaa ileile ya kampuni ya mbegu toka nimjue.

Ila Hesabu Kali nina swali, mbona kuna wengine kwenye orodha wamezidi hiyo 250,000? Nimeona wenye majina ya kampuni wamepita mbali.

#9 Hesabu Kali
Kampuni au ubia wenye wanahisa wanaofanya kazi au kusimamia shamba, kila mmoja masaa 400 kwa mwaka, kikomo kilipanda mpaka 500,000 kwa wawili na 750,000 kwa watatu. Baba, mtoto, mkwe. Masaa 400 kwa mwaka ni kama masaa nane kwa wiki, mtu wa kupiga simu na kusaini cheki anayafikisha bila jasho. Halafu CFAP 2 ilikuwa na kikomo chake kipya, 250,000 mwanzo tena. Halafu 2021 wakaongeza nyongeza juu ya zile mbili, ng'ombe wa kuchinjwa dola 63 zaidi kwa kichwa, mahindi na soya dola 20 kwa ekari.

#10 Mama Njugu
Na mnasema si siasa! Trump CFAP 2 aliitangaza wapi? Kwenye mkutano wa kampeni Mosinee, Wisconsin, Septemba 2020, mbele ya watu wamevaa kofia nyekundu. Huku kwetu mwanasiasa akigawa mbolea mwezi wa kampeni mnaita hongo, huko mnaita programu.

#11 Dereva wa Nafaka
Mama Njugu Wisconsin sawa nakupa hiyo, ile ilikuwa jimbo la kugombania. Lakini Sioux County? Kule Trump alipata zaidi ya kura 8 katika kila 10. Hao ungewapa ama usiwape wangempigia. Nani ananunua ng'ombe ambaye ashamfunga zizini?

Mimi nadhani ilikuwa mazoea. Watu wanasahau 2018 na 2019, vita ya ushuru na China, soya ikakosa soko, serikali ikatangaza bilioni 12 mwaka wa kwanza na 16 mwaka wa pili kuwafidia wakulima. Ofisi za FSA za kaunti, yaani za Wizara ya Kilimo zinazohudumia wakulima, zilikuwa na majina, akaunti za benki, ramani za mashamba, kila kitu. Korona ilipokuja bomba lilikuwa limeshalazwa, ni kufungua koki tu.

#12 Bukavu Kwetu
Jambo ba ndugu. Mimi niko mu Iowa tangu 2016, natokea Bukavu. Muko munasema ng'ombe na nguruwe balilipiwa kwa kichwa, sisi benye tulikuwa tunabakata ndani ya usine, kiwanda ya nyama, munatusahau.

Mwezi wa ine 2020 nilikuwa ku laini ya kutoa mafuta. Mwenzangu wa kuume alianza kukohoa siku ya kwanza, siku ya pili hakuya, siku ya tatu na wa kushoto hakuya. Tulisimama bega kwa bega, hata kisu ukirudisha nyuma unagusa mutu. Bakatundika maplastiki kati yetu kama mapazia ya kuogea, bakasema kazi iendelee. Tarehe 28 raisi akasaini karatasi mausine ya nyama yaendelee kutumika, balaji banahitaji nyama. Mimi niliugua siku kumi na ine. Hakuna mwenye aliniuliza niko na vichwa ngapi.

Nyuma ya miaka mitatu, 2023, ndio nikapata msaada ya bafanyakazi ba shamba na ba nyama kupitia sindika, chama ya bafanyakazi. Dolari 600. Mara moja, basi. Nilinunulia batoto viatu vya baridi.

#13 Mama Njugu
Pole sana ndugu yangu wa Bukavu. 600 😔

#14 Kibarua wa Iowa
Bukavu pole kaka. Hiyo 600 nilishawahi kuisikia nikadhani ni uzushi.

#15 Hesabu Kali
Siyo uzushi. Wizara ya Kilimo ilitoa kama dola milioni 670 kwa mashirika na vyama vya wafanyakazi, wagawe 600 kwa kila mfanyakazi wa shamba, wa kiwanda cha nyama na baadhi ya wa maduka ya vyakula. Kiwango kimoja kwa wote, uwe uliugua au hukuugua.

#16 Bustani ya Managu
Na mimi niweke la kwangu. Mimi nalima mboga za kwetu karibu na Des Moines, managu, mchicha, maboga kwa ajili ya majani yake, nusu ekari ya kukodi, nawauzia Waafrika sokoni Jumamosi na wengine wananipigia simu nawapelekea. Mwaka 2020 soko lilifungwa, wateja wakapotea mpaka Juni. Rafiki akaniambia nenda ofisi ya kilimo kuna hela. Nikaenda, yule dada wa kwenye kompyuta alikuwa mpole sana ila akaniuliza managu ni kitu gani. Nikamchorea. Naapa, nimechora jani la managu kwenye karatasi ya serikali ya Marekani.

Mara ya kwanza nilikata tamaa nikaondoka. CFAP 2 ilikuwa rahisi, mboga walihesabu mauzo yako ya 2019, wenye mauzo madogo unapata asilimia 10.6. Mimi nilikuwa na daftari la mauzo ya dola 6,000. Nikapata 636. Sikulalamika hata kidogo, nililipia mbegu na maji. Lakini mnaona, nilikuwa na daftari. Wenzangu watatu tunaolima mstari mmoja hawakuwa na daftari, hawakwenda hata kuuliza.

#17 Ngosha Mstaafu
Tunaomba hiyo picha ya managu ikiwezekana, iwekwe makumbusho.

#18 Bustani ya Managu
Nilichora vibaya, ilitoka kama bangi. Dada alinitazama mara mbili.

#19 Dereva wa Nafaka
😂😂😂 Nimesimamisha lori.

Kuna kitu nataka kumrekebisha mtoa mada. Kwenye orodha uliona na watu unaowaoshea matrela ya nguruwe. Jihadhari hapo, mabanda mengi ya nguruwe unayoyaona Iowa, yale marefu meupe yenye mafeni, mwenye banda siyo mwenye nguruwe. Yeye amekopa benki kajenga banda la nguruwe 2,400, kampuni inaleta watoto wa nguruwe, inaleta chakula, inaleta daktari, yeye anatunza analipwa kwa nafasi. CFAP 1 ilimlipa mwenye mali. Kwa hiyo mtu ambaye banda lake lilikaa tupu miezi na mkopo unamngoja hakupata hata senti kwa hao nguruwe. Ilibidi Bunge libadilishe sheria mwishoni mwa Desemba 2020 ndiyo wa mikataba wakaingizwa, na hela zenyewe zikafunguliwa 2021, fidia mpaka asilimia 80 ya mapato waliyopoteza.

#20 Kibarua wa Iowa
Dah. Hiyo sikuijua kabisa. Na matrela ninayoosha mimi ni ya hao wenye mali, siyo ya wenye mabanda, sasa naanza kuelewa kwa nini majina mengine sikuyaona. Kuna jamaa jirani yangu ana mabanda mawili, nilimtafuta kwenye orodha nikakuta hela ndogo ya mahindi basi.

#21 Mzaramo wa Ughaibuni
Nyie mnazungumzia ng'ombe, mimi naona hela ziliishia kwenye ardhi. Chuo Kikuu cha Iowa State huwa wanatoa bei ya ardhi kila mwaka. 2020 wastani wa ekari Iowa dola 7,559. 2021 dola 9,751, imeruka asilimia 29 kwa mwaka mmoja! 2022 ikafika 11,411. Ukimpa mkulima mkubwa hela asiyoitarajia anafanya nini? Ananunua shamba la jirani. Sasa kijana anayetaka kuanza kilimo ataanzia wapi, na ukitaka kukodi nako bei inafuata. Kwa hiyo msaada wa kuokoa wakulima umezuia wakulima wapya kuzaliwa.

#22 Hesabu Kali
Mzaramo takwimu zako ni sahihi ila usiruke haraka hivyo. Kipindi hichohicho riba ilikuwa chini kabisa, na China ilianza kununua mahindi kwa fujo mwishoni mwa 2020. Mahindi yaliyokuwa kama dola 3 kwa busheli (kama kilo 25) msimu wa joto 2020 yalivuka 5 Januari 2021. Bei ya ardhi inafuata bei ya mahindi. Hela za korona zina mchango, ila kiasi gani hapo ndipo watu wanagombana.

#23 Mzaramo wa Ughaibuni
Sasa kama bei ilishapanda mwishoni mwa 2020, ile nyongeza ya dola 20 kwa ekari ya 2021 ilikuwa ya nini? Nijibu hilo mhasibu.

#24 Hesabu Kali
Hilo waulize Bunge, mimi najaza fomu.

#25 Dada wa Atlanta
Nyote mmeruka jambo moja. Machi 2021 ile sheria ya Biden ya uokoaji ilitenga kama bilioni 4 kufuta madeni ya wakulima weusi, Walatino, Wahindi Wekundu na wengine waliobaguliwa miaka nenda rudi kwenye mikopo ya Wizara hiyohiyo. Walipwe asilimia 120 ya deni, ile 20 ni ya kodi. Wakulima wazungu wakaenda mahakamani kwamba huo ni ubaguzi, Juni majaji wakasimamisha, Agosti 2022 Bunge likakifuta kifungu lenyewe. Ikaletwa programu nyingine isiyotaja rangi, na waliobaguliwa walikuja kulipwa Julai 2024, kama bilioni 2 kwa watu zaidi ya 43,000. Mzee wa kanisani kwetu alishapokea barua kwamba deni lake linafutwa, akaiweka ndani ya Biblia. Barua ya pili hakuonyesha mtu.

Sasa linganisha na CFAP, tangazo Aprili, maombi Mei 26, na hela zikaanza kutoka Juni. Sikusikia aliyekwenda mahakamani kuisimamisha.

#26 Mama Njugu
Dada hiyo ya Biblia imeniuma.

Na sisi huku msidhani tulisahaulika 😏 Mei 2020 Uhuru alisoma ule mpango wa bilioni 53.7 za kuinua uchumi, bilioni 3 zikawa za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000 kupitia vocha za simu, na bilioni 1.5 za kusaidia wakulima wa maua na mboga wafikie soko la nje. Gawanya hizo bilioni 3, ni elfu 15 kwa kila mkulima, mifuko kadhaa ya mbolea. Jina langu lilichukuliwa, namba ya kitambulisho ikachukuliwa, nikaambiwa ngoja mesej. Hiyo simu nishaibadilisha mara mbili.

#27 Ngosha Mstaafu
Nyinyi angalau mliandikishwa. Sisi huku 2020 tuliambiwa tujifukize na kazi iendelee. Ruzuku ya mbolea tuliiona 2022, Nane Nane Mbeya, mfuko ukashuka mpaka 70,000. Na ile haikuwa ya korona, ilikuwa ya vita ya Ukraine kupandisha mbolea. Nilijiandikisha kwa mtendaji nikasema nina ekari 4. Jirani yangu alisema ana 40. Anazo mbili.

#28 Bustani ya Managu
Ngosha hata huku nako CFAP 1 watu walijiandikia wenyewe idadi, ofisi inaamini, halafu baadaye wanakaguliwa wachache kwa kuchaguliwa. Mimi ndiye niliyeulizwa managu ni nini.

#29 Kibarua wa Iowa
Wakuu nimerudi. Leo mzee wa kamba kaja na trela, nikajikaza nikamuuliza kistaarabu, mzee zile hela za korona zilikuwa za nini hasa? Nilidhani atakasirika. Akasimama anafikiria huku anaangalia maji yanavyotoka na kinyesi. Akasema ile wiki ya Aprili 2020 aliuza ng'ombe 38 na kila mmoja alimpa hasara, siku hiyo hakula chakula cha jioni. Nikamuuliza, na zilipokuja hela zilizidi hasara au zilipungua? Akasema hakuwahi kupiga hiyo hesabu, mtoto wake ndiye alijaza, na kwamba majirani wote wamejaza, angeonekana mjinga asipojaza. Halafu akaniambia yeye hapendi serikali kuingilia kilimo.

Akalipa, akaomba risiti, akaingia kwa mlango wa dereva.

#30 Dereva wa Nafaka
"Hapendi serikali kuingilia kilimo" 😂 hii naichapisha kwenye fulana.

#31 Mzaramo wa Ughaibuni
Ng'ombe 38 wa hasara amelipwa kwa 1,000. Kesi yangu nimefunga.

#32 Hesabu Kali
Hujafunga kitu, hao 38 ni wiki moja tu, wengine aliuza kabla bei haijaanguka au baada? Fomula ya dola 214 ilihesabu mpaka waliouzwa Januari, wakati korona haijafika hata Iowa. Hapo ndipo pa kubana, siyo kwenye hao 38.

#33 Bukavu Kwetu
Kibarua, siku ingine akiya umuulize kama anajua nani alibakata bale 38.

#34 Ngosha Mstaafu
Mtoa mada, kuosha trela moja la nguruwe unachukua muda gani, na hapo kazini kwenu hakuna nafasi? Nauliza kwa niaba ya mpwa wangu.

#35 Kibarua wa Iowa
Kama likiwa la ghorofa mbili na kinyesi kimeganda kwa barafu ni masaa mawili mpaka matatu. Nafasi zipo kila Januari, maana walioanza Novemba wanakuwa wameshakimbia. Mwambie aje na soksi za sufu.